Msomaji auliza: mdomo umepasuka, kaakaa je?

Barua za mwezi huu kuhusu watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka zimetoka hapa Kivu Kusini: Kadutu, Bagira, Nguba, Walungu, Kabare na Idjwi. Karibu zote zinauliza juu ya mdomo, kwa kuwa ndio unaoonwa na kila anayekuja kumpongeza mzazi. Majibu yetu mengi yataingia ndani ya kinywa, kwenye kaakaa, yaani dari ya kinywa, maana huko ndiko kunakoamuliwa mtoto atanyonyaje, atasemaje na atapasuliwa lini. Barua tumezifupisha.

Mjukuu wangu ana majuma mawili. Karatasi tuliyopewa materniti imeandikwa: «FLP unilatérale gauche complète, Veau III, ...SHAL». Kifaransa nasoma, lakini hapa nimeshindwa. Na mtoto wa jirani, ambaye naye mdomo umepasuka, mbona ameandikiwa maneno mengine na ananyonya bila shida? — Bibi, Kadutu

Bibi, aliyeandika karatasi hiyo anajua kazi yake. Itunzeni vizuri, mkaifunike kwa plastiki kama mnaweza, kwa sababu mstari huo mmoja unampa mpasuaji karibu kila anachohitaji kabla hajamwona mtoto.

FLP ni ufupisho wa Kifaransa wa mpasuko wa mdomo na kaakaa kwa pamoja. «Unilatérale gauche» ni upande mmoja, kushoto, na ni kushoto kwa mtoto, si kwa anayemtazama. Watu wengi huandika kinyume hapo. «Complète» ni kwamba mpasuko umepanda kutoka mdomoni hadi sakafu ya tundu la pua. Kama juu ya mpasuko kungebaki mdomo ulioungana chini ya pua, ungeitwa «incomplète». Wakati mwingine hubaki uzi mwembamba tu wa ngozi chini ya pua. Huo hausaidii sana, bali huwadanganya wapimaji.

Veau ni jina la mpasuaji Mfaransa, Victor Veau, aliyepanga mipasuko katika makundi 4 mwaka 1931. Kundi la I ni kaakaa laini peke yake, yaani ile nyama ya nyuma inayobeba kilimi. Kundi la II ni kaakaa laini pamoja na kaakaa gumu, lile la mfupa, mpaka kwenye tundu dogo lililo nyuma ya meno ya mbele ya juu. Kundi la III ni la mjukuu wako: mpasuko umepita mdomo, ufizi na kaakaa lote kwa upande mmoja. La IV ni hivyohivyo pande mbili, na kipande cha kati cha ufizi hubaki kimechomoza mbele chini ya pua.

Mpangilio wa Veau una pengo moja: mtoto aliyepasuka mdomo tu hana kundi ndani yake. Ndiyo sababu mwaka 1958 Kernahan na Stark walipendekeza lile tundu la nyuma ya meno ya mbele liwe mpaka. Mbele yake, mdomo na ufizi, ni kundi moja. Nyuma yake, kaakaa linalobaki, ni kundi la pili. Hawakuuchagua mpaka huo kwa kubahatisha: sehemu hizo mbili hujiunga kwa nyakati tofauti tumboni, hivyo moja inaweza kuharibika na nyingine ikabaki nzima. Mwaka 1971 Kernahan akachora herufi Y yenye visanduku, na hadi leo wapasuaji wengi hutia wino visanduku vya sehemu iliyopasuka.

Sasa zile herufi za mwisho. Ni njia ya Kriens, mpasuaji Mjerumani, inayotumia neno LAHSHAL. Linasomwa kuanzia kulia kwa mtoto kwenda kushoto kwake: L mdomo, A ufizi, H kaakaa gumu, S kaakaa laini, kisha H, A na L za upande wa kushoto. S ni moja tu kwa sababu kaakaa laini lipo katikati. Herufi kubwa ni mpasuko kamili, herufi ndogo ni wa nusu, na nukta ni mahali pazima. Kwa hiyo «...SHAL» inasema: kulia hakuna kitu, kaakaa laini limepasuka, na kushoto kumepasuka kote. Mtoto wa jirani huenda ameandikiwa kitu kama «l......», mpasuko wa nusu wa mdomo wa kulia, basi. Huyo kaakaa lake ni zima, anavuta titi kama mtoto yeyote. Ukiwaona mgongoni mwa mama zao wanafanana. Ndani ya kinywa wana magonjwa mawili.

Kwa wauguzi wanaojaza rejista: Q35 ni kaakaa peke yake, Q36 mdomo peke yake, Q37 vyote viwili. Mkiandika «bec-de-lièvre» (mdomo wa sungura) na kuishia hapo, hamjamsaidia mtu.

Ipo pia mipasuko ya nadra inayopanda kutoka mdomoni kuelekea jicho au sikio. Hiyo Paul Tessier aliipa namba kuanzia 0 hadi 14 mwaka 1976, na matibabu yake ni habari nyingine kabisa. Mpasuko ulio katikati kabisa ya mdomo wa juu nao ni nadra, na mara nyingine ubongo pia una kasoro. Mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa mapema, asisubiri zamu ya upasuaji wa mdomo.

Nikiwa na mimba ya miezi saba nilichinja kuku. Mtoto akazaliwa mdomo umepasuka, na mama mukwe anasema ni kile kisu. Bwana yangu amenyamaza tu. Mimi nafikiri labda ni dawa za malaria nilizopewa CPN, kliniki ya wajawazito. Kosa ni langu? — Mama, Bagira

Hapana, mama. Mwezi wa saba, wakati wa mdomo wa mtoto kuungana ulikuwa umepita zamani, na kisu hakingeweza kuupasua.

Uso wa mtoto huundwa kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbalimbali na kukutana. Vipande vya chini ya pua hukutana na vya taya la juu, na mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 tangu mimba itungwe. Wakati huo mama wengi ndio kwanza wanajiuliza kama siku zimechelewa. Vikikosa kukutana, au vikigusana bila kushikana, mdomo hubaki wazi upande huo. Kushoto hupatwa mara mbili zaidi ya kulia, na wavulana huzaliwa na mpasuko wa mdomo, uwe na kaakaa au bila, karibu mara mbili zaidi ya wasichana.

Kaakaa hufuata baadaye. Kwanza mabamba yake mawili huning'inia wima, moja kila upande wa ulimi, kama mbao za dirisha lililofunguliwa. Taya la chini linapokua, ulimi hushuka, mabamba huinuka yakalala, yakakutana katikati na kuanza kushikana kutoka mbele kwenda nyuma. Kazi hiyo huanza wiki ya 8 hivi na kuisha wiki ya 12. Kwa wasichana mabamba huchelewa kuinuka kwa takriban juma moja, na inadhaniwa ndiyo sababu mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata wao zaidi. Na kwa kuwa kufunga huenda mbele kwa nyuma, kazi ikikatika njiani kinachobaki wazi ni nyuma: utaona kilimi kimegawanyika, au kaakaa laini tu, lakini huwezi kuona kaakaa laini zima na shimo nyuma ya meno kwa sababu hiyo.

Kama taya la chini ni dogo mno, ulimi hubaki juu katikati ya mabamba na kuyazuia. Mtoto huzaliwa na kidevu kilichorudi nyuma, kaakaa lenye uwazi mpana wa umbo la U, na mdomo mzima. Madaktari huiita hali ya Pierre Robin. Hatari ya mtoto huyu ni pumzi: akilazwa chali ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Mlazeni kifudifudi mkimwangalia kila wakati, na apelekwe siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa za malaria: vidonge vya kinga vya CPN (SP) hutolewa kuanzia wiki ya 13 ya mimba. Hesabu ya kliniki huanza tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo ni kama wiki ya 11 ya mtoto mwenyewe, wakati wa mdomo kuungana ukiwa umepita tangu majuma kadhaa. Malaria isiyotibiwa ingemdhuru mtoto kuliko dawa hiyo.

Basi ni nini? Kwa watoto wengi ni mchanganyiko: vinasaba kadhaa kutoka kwa baba na kwa mama, kila kimoja na nguvu kidogo, pamoja na mambo ya majuma yale ya mwanzo. Duniani mtoto 1 kati ya 700 hivi huzaliwa na mpasuko wa namna hii, na katika familia nyingi hakuna aliyetangulia. Katika watoto wenye mpasuko wa mdomo, 70 hivi kati ya 100 hawana kasoro nyingine. Kwa kaakaa peke yake ni kama nusu tu, kwa hiyo hao wachunguzwe moyo, macho, masikio na viungo bila kusubiri dalili.

Mambo yanayojulikana kuongeza hatari ni haya. Sigara za mama. Hatari hupanda kwa kama theluthi moja. Pombe katika miezi ya mwanzo, iwe ya chupa, kasiksi au kanyanga, tumbo halitofautishi. Kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba na hakikudhibitiwa. Dawa kadhaa za kifafa: fenobarbitali, fenitoini, valproati, topiramati. Dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini, na methotreksati. Ndoa ya ndugu wa karibu nayo huongeza.

Mwenye kifafa asiache vidonge ghafla. Degedege katikati ya mimba linaweza kumuua yeye na mtoto. Aende kwa daktari kabla ya kushika mimba, abadilishiwe dawa ikiwezekana, na aandikiwe asidi ya foliki ya dozi kubwa.

Vitamini A ina mtego wake. Vidonge vya kampeni za watoto vina yuniti 100,000 au 200,000. Mama mjamzito asimeze kilichobaki eti kisipotee: kwake dozi moja haipaswi kuzidi yuniti 25,000, hasa kati ya siku ya 15 na ya 60 ya mimba.

Na asidi ya foliki ya kawaida, mikrogramu 400 kwa siku? Imethibitika kuzuia kasoro za uti wa mgongo. Kwa mdomo na kaakaa tafiti hazijakubaliana, lakini tunaishauri, ikianza mwezi mmoja kabla ya mimba. Ukingoja CPN ya kwanza mwezi wa nne, utafaidika kwa damu, lakini uso wa mtoto umeshamalizika.

Bwana yako asome jibu hili, mama. Nusu ya vinasaba vya mtoto ni vyake.

Nilizaliwa na mdomo uliopasuka, nikashonwa nikiwa mdogo. Mke wangu ana mimba ya kwanza. Mtoto atakuwa hivyo? Ekografi inaweza kuona? — Baba mtarajiwa, Nguba

Kuna uwezekano mkubwa asiwe hivyo. Mzazi mmoja akiwa na mpasuko wa mdomo, hatari kwa mtoto ni 3 hadi 5 kati ya 100. Hesabu hiyohiyo hutumika kwa wazazi wazima waliokwisha kupata mtoto mmoja mwenye mpasuko. Wakishapata wawili, hupanda hadi karibu 10 kati ya 100. Mzazi na mtoto wote wawili wakiwa nao, ni 15 hivi. Mpasuko wa pande mbili huvuta hesabu juu, wa upande mmoja huishusha.

Jitazame kwenye kioo, mdomo wa chini. Kama una vishimo viwili vidogo karibu na katikati, wakati mwingine vikitoa mate, hali yako huenda ni ile iitwayo Van der Woude. Hiyo hutokana na kinasaba kimoja, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kukirithi. Mwenye vishimo tu bila mpasuko naye anaweza kuzaa mtoto aliyepasuka. Katika ukoo wa namna hii utakuta mmoja amepasuka mdomo na mwingine kaakaa peke yake. Katika koo nyingine aina hizo mbili hazichanganyiki.

Ekografi ya wiki ya 20 hivi, ikifanywa na mwenye uzoefu na mtoto akageuza uso, inaweza kuonyesha mdomo. Kaakaa peke yake kwa kawaida halionekani.

Mtoto alizaliwa kwetu na kilo 3.0, mdomo mzima kabisa. Siku ya sita alirudishwa akiwa na 2.6, maziwa yanatoka puani. Tulikuwa tumeandika «RAS», yaani hakuna tatizo. Tulikosea wapi, na sasa tumlisheje? Wazazi hawana fedha za maziwa ya kopo. — Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, Walungu

Ndugu, gramu 400 katika kilo 3 ni zaidi ya asilimia 13. Kikomo ni 10. Mpimeni sukari na upungufu wa maji leo. Kama amelegea, ana homa au hawezi kumeza, msibaki naye kituoni.

Kosa la kawaida ni kupima kaakaa kwa kidole tu. Kidole hugusa mfupa, kikaukuta mzima, na mpimaji akaridhika. Mpasuko wa kaakaa laini uko nyuma zaidi, na kidole huupita. Nawa mikono, washa tochi, bonyeza ulimi taratibu kwa kijiti au mpini wa kijiko safi, mwache mtoto alie, utazame hadi kilimi. Baada ya hapo pitisha kidole cha mwisho, upande wa nyama juu, kutoka ufizi kwenda nyuma. Fanyeni hivyo kwa kila mtoto anayezaliwa. Haichukui hata dakika moja.

Kuhusu chakula: mtoto mwenye kaakaa wazi anaweza kumeza, asichoweza ni kuvuta. Ili maziwa yatoke, kinywa lazima kifungwe kila upande na hewa ipungue ndani. Hapa hewa inaingia kupitia puani. Anasogeza taya, anaonekana ananyonya, saa nzima inapita, na tumboni kumeingia vijiko viwili. Nguvu aliyotumia inazidi alichopata. Mama huambiwa hana maziwa, na akiacha kukamua kweli yanakauka.

Mama akamue kwa mkono mara 8 au zaidi kwa siku, usiku pia. Maziwa yawekwe kwenye kikombe kilichochemshwa na kufunikwa. Yasikae nje zaidi ya saa 4. Mtoto akishafikisha juma moja anahitaji mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 3 ni mililita 450, yaani 55 hadi 60 kila baada ya saa 3. Tumieni uzito wa kuzaliwa katika hesabu, si ule ulioshuka. Kama amekuwa akipata kidogo sana, pandisheni ndani ya siku mbili tatu.

Mama akae, mtoto awe wima mapajani, kichwa kimeshikwa. Ukingo wa kikombe kidogo uguse mdomo wa chini, kikombe kiinamishwe mpaka maziwa yafike mdomoni tu. Mtoto atayalamba mwenyewe. Msimimine: maziwa yakimiminwa huenda kwenye mapafu. Kijiko kinafaa pia. Sindano isiyo na ncha inafaa mkisukuma mililita moja moja kuelekea ndani ya shavu, si kooni. Chupa ngumu ya kawaida haifai. Ya plastiki laini inayobonyezeka inafaa, kwa kubonyeza kidogo kila anapotafuna chuchu, kama familia inaweza kuichemsha kila mara. Kupanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto ni jambo tunaloliona mara nyingi, na watoto hupaliwa kwa sababu hiyo.

Mlo uishe ndani ya dakika 30. Humeza hewa nyingi, hivyo mcheulisheni kila baada ya mililita 15 hadi 20 na baada ya mlo. Yakitoka puani, simameni, mfuteni, mwacheni apige chafya, muendelee; hilo halimdhuru. Akikohoa mfululizo au midomo ikigeuka rangi, acheni kabisa. Apimwe kila baada ya siku mbili mpaka aanze kupanda, kisha kila juma: mnatafuta gramu 20 hadi 30 kwa siku. Buji (uji) kabla ya miezi 6, hapana, hata bibi akisema kwamba huziba tundu.

Titi alipewe pia, kwa dakika chache kabla au baada ya kikombe. Linamtuliza na linaamsha maziwa. Lisihesabiwe kama mlo. Kwa mpasuko wa mdomo tu mambo ni mepesi: titi lenyewe huziba pengo, na mama anaweza kusaidia kwa kidole gumba.

Binti yangu ana miaka 6. Kinywa chake ni kizima, nimetazama. Lakini anasemea puani, shuleni hawamwelewi, na masikio hutoa usaha. Munganga mmoja anataka kumtoa nyama za nyuma ya pua. — Mama, Kabare

Upasuaji huo usifanywe kwanza. Upo mpasuko unaojificha: ngozi ya juu imefunga, misuli iliyo chini yake haijakutana. Dalili zake ni tatu, na zilielezwa na Calnan mwaka 1954: kilimi kilichogawanyika ncha mbili, mstari wa rangi ya samawati katikati ya kaakaa laini akisema «aaa», na pengo dogo la umbo la V ambalo kidole huligusa nyuma ya mfupa wa kaakaa. Si lazima zote ziwepo.

Nyama za nyuma ya pua kwa mtoto kama huyu zinasaidia kuziba njia ya hewa. Zikiondolewa, sauti ya puani huongezeka, na kurekebisha ni kazi kubwa.

Pima nyumbani. Mwambie aseme «papa, baba, kuku, paka», maneno yasiyo na m wala n. Weka kioo baridi chini ya pua: kikiingia ukungu, hewa inavuja. Kisha mzibe pua aseme tena: sauti ikibadilika, ni hivyohivyo. Masikio yana chanzo kilekile, kwa kuwa misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mirija ya masikio. Apimwe kusikia. Asiyesikia vizuri naye hasemi vizuri, na mwalimu humwita mzito.

Tumevuka ziwa mara mbili kumleta mtoto Bukavu kupasuliwa, na mara mbili tumerudishwa: kwanza «kilo hazitoshi», pili «anakohoa». Wanatuzungusha? — Baba, Idjwi

Gharama ya safari tunaijua, lakini waliowarudisha walikuwa na haki. Kwa mdomo, wapasuaji hufuata kanuni ya kumi: wiki 10, pauni 10 ambazo ni kilo 4.5, na damu, yaani hemoglobini, gramu 10 kwa desilita. Wengi hungoja miezi 3 hadi 6. Kikohozi hufanya njia ya hewa ikaze ghafla chini ya dawa ya usingizi. Huahirishwa kwa wiki 2 hadi 4 baada ya kupona. Kaakaa hufanywa baadaye, kati ya miezi 9 na 18: mapema kuliko hapo kuna hatari zaidi ya pumzi na damu, na taya linaweza kukua vibaya, baadaye sana mtoto amekwisha zoea kusema vibaya. Ufizi ukiwa umepasuka, mfupa wa kupandikiza hungoja miaka 7 hadi 11.

Kabla ya kupanda mtumbwi tena, mpimeni kilo na damu kwenye kituo cha afya cha kwenu, mpige simu na majibu mkononi. Ulizeni Hospitali ya Panzi au hospitali kuu ya mkoa (HPGRB) ni lini timu inapokea. Ulizeni pia kama kuna msaada: mashirika kama Smile Train na Operation Smile hugharamia upasuaji huu katika nchi nyingi.

Siku yenyewe, maziwa ya mama yakome saa 4 kabla, maziwa ya kopo, ya ng'ombe na buji saa 6 kabla, maji safi saa 2 kabla. Bibi akimhurumia akampa buji alfajiri, semeni. Kuahirishwa ni afadhali kuliko buji kuingia mapafuni.

Baada ya kaakaa kushonwa, mpeni majimaji na chakula laini kwa majuma 2 hadi 3: buji nyepesi, supu iliyochujwa, hakuna kipande cha fufu, hakuna sambaza wa kukaanga. Kijiko kisiingie ndani, vidole vyake na mihogo ya kutafuna visifike huko. Uzi ukikatika, tundu hubaki, na tundu la namna hiyo ni gumu kufunga kuliko mpasuko wa kwanza.

Nina miaka 34, mdomo haujawahi kushonwa. Nimechelewa? — Msomaji, Kadutu

Hujachelewa. Kwa mtu mzima mdomo mara nyingi hushonwa kwa ganzi ya mahali pale tu, ukiwa macho, na huenda ukarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki 4 kabla, kidonda kishike vizuri. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Kama na kaakaa liko wazi, linaweza kufungwa pia, kwa usingizi kamili. Chakula kitaacha kupanda puani, lakini usemi uliouzoea miaka 34 hubadilika kidogo tu. Kwa wengine daktari wa meno hutengeneza kibao cha plastiki cha kuziba uwazi, kinachovaliwa mchana na kuoshwa kila usiku.